Tutakula Busisi

Wenzangu wa kwaya, tangu turudi kutoka Bukoba kila anayenikuta ananiuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mama Neema nilimwambia Baba Shija aliugua kidogo njiani. Mwalimu wa kwaya nilimwambia ni uchovu wa safari. Katekista nilimwambia basi liliharibika, jambo ambalo ni kweli, ila basi halikuwa na kosa kubwa. Nimekaa nikaona vipande vyote nilivyowagawia ni vile visivyoniuma. Leo naandika vilivyobaki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilitoka Nyakato kwenda kumwona mjukuu kwelikweli, mtoto wa kwanza wa binti yetu Shija aliyeolewa Bukoba, na majuto nikayakuta njiani kabla sijamfikia mjukuu mwenyewe. Mtoto alikuwa abatizwe Jumapili kwa jina la babu yake, Masalu, na babu ndiye aliyetakiwa kumbeba mpaka mbele ya padri. Baba Shija alijinyoa ndevu kwa ajili hiyo siku mbili kabla, akajinyoa tena siku ya pili yake.

Nyakato: koti la safari

Mnanijua. Nikishika mkasi hata kitambaa kinanyooka, na nyumbani ni hivyohivyo. Tangu Baba Shija aambiwe ana sukari, sasa ni mwaka wa sita, nimeilinda nyumba utadhani boma la ng'ombe. Chai yake haina sukari. Soda haivuki mlango. Wali anakula Jumapili, tena kwa kikombe. Harusini wakimletea keki, mimi ndiye ninayejibu kwamba hali. Ninyi wenyewe mlinisifu kwa hilo, na nilizipenda sana hizo sifa.

Miezi minne kabla ya safari, kliniki wakamwachisha vidonge wakamwanzishia sindano za insulini. Siku ya kufundishwa walimwambia aje na mtu wa nyumbani. Mimi nilikuwa na oda ya sare za shule, shule zinafunguliwa Jumatatu, nikamwambia nenda tu, utanisimulia. Aliporudi alianza kunisimulia. Alisema nesi amesema sindano si kama vidonge. Amesema ukishadunga lazima ule, huna ruhusa ya kuchelewa. Amesema utembee na pipi mfukoni.

Hapo kwenye pipi nikamkatiza. Nilimuuliza ni nesi gani huyo anayempa mgonjwa wa sukari pipi, au ni ulafi wake mwenyewe umevaa gauni jeupe. Akacheka kidogo tu. Baba Shija hashindani na mtu. Alikuwa baharia wa kivuko cha Kigongo na Busisi karibu miaka ishirini, kazi yake kupanga magari na kuwaamuru abiria, na husema maneno yake yote ya kubishana aliyamaliza kwa madereva wa malori.

Ijumaa mchana, nikipiga pasi koti lake la safari, nikagusa kitu kigumu mfukoni. Pipi, amezifunga vizuri kwenye leso. Nilitoka nazo nje nikawagawia watoto wa jirani, nikarudi kupiga pasi. Sikumwambia. Niliona nimemwokoa na aibu.

Nyegezi: basi lisiloondoka

Tulifika stendi alfajiri. Basi lilikuwa linaunguruma, konda anahimiza watu waingie, na mtu asingedhani kwamba tungekaa pale karibu saa mbili. Baba Shija aliposikia mngurumo akaona safari imeiva. Akasogea pembeni, akapandisha shati, akadunga sindano yake ya asubuhi. Kisha akaniambia ngoja anywe chai na chapati pale kwa mamalishe kabla hatujaingia.

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Chapati za mafuta hizo za nini? Tutakula Busisi."

Kila mtu wa Mwanza wa rika langu ameisema sentensi hiyo. Enzi za kivuko, ukienda Geita au Bukoba hukujisumbua kula nyumbani. Ulijua foleni ipo, saa moja ukibahatika, saa tatu usipobahatika, na kwenye foleni kulikuwa na kila kitu: sato wa kukaanga ametoka mafutani sasa hivi, ugali, mayai, karanga, mahindi ya kuchoma. Midomo yetu iliilaani foleni lakini matumbo yaliipenda. Ndiyo maana neno lile limetukaa ulimini mpaka leo, na daraja limeshafunguliwa.

Baba Shija alilijua hilo kuliko mimi. Aliniambia kwa upole kwamba Busisi sasa basi halisimami, linapita juu kwa juu. Nikamuuliza linapitaje, kwani abiria siku hizi hawali? Mshona sare wa Nyakato anamfundisha baharia habari za kivukoni kwake.

Halafu injini ikazimika. Fundi akaingia chini ya basi, miguu ikabaki nje. Nusu saa ikapita, ikaja saa nzima. Baba Shija akaomba chai mara ya pili, hata ya rangi, nikamwambia ya stendi inakuja na sukari tayari, utajuaje wameweka kiasi gani. Nilikuwa nimembebea matango kwenye kontena, nimeyamenya na kuyakata vizuri. Nikampa. Akala vipande viwili vitatu kwa heshima.

Nikamwona anaingiza mkono mfuko wa koti, anautoa, anaingiza mfuko wa pili. Akapapasa mpaka mfuko wa shati. Nilijua anatafuta nini. Niligeuka nikaitazama miguu ya fundi.

Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapanda. Kiti cha nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Kihindi, Bi Zarina, mtu wa Geita, ambako familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake. Alitusalimia "mwangaluka" kwa Kisukuma safi kuliko cha watoto wangu. Alikuwa na maandazi kwenye mfuko, akatukaribisha. Mkono wa Baba Shija ulikuwa umeshanyooka. Nikaurudisha chini, nikamwambia Bi Zarina ahsante, huyu ana sukari. Bi Zarina akatazama ule mkono, kisha akamtazama usoni. Baadaye aliniambia anajuta kwamba hakusema palepale. Nilimwambia foleni ya kujuta ni ndefu na yeye hayumo.

Kigongo hadi Busisi: juu ya daraja

Lazima mjue daraja lile lilikuwa nini kwake. Aliziona nguzo zikiota majini akiwa bado kazini. Alistaafu kabla halijakamilika, na tangu lifunguliwe hakuwa amepata safari ya upande ule. Alikuwa anasema akilivuka atakaa dirishani, mikono kifuani, avuke kama bosi bila kumwamuru mtu yeyote. Nilimpa kiti cha dirishani. Hilo angalau nililifanya.

Tulipokaribia Kigongo aliniegemea. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanatoka moja moja.

"Mama Shija, nahisi imeshuka."

Nikasema, "Bwana asifiwe."

Msinicheke, au nichekeni, nastahili. Kwetu sukari ni jina la ugonjwa. Tunasema fulani ana sukari, sukari yake imepanda, sukari imemlaza. Miaka sita tumeiombea ishuke, ninyi wenyewe mmeiombea kwenye jumuiya, mmewasha mishumaa. Sikuwahi kusikia mtu akisema imeshuka isipokuwa kwa furaha. Akarudia: "Imeshuka." Nikampigapiga goti nikamwambia ni yale matango.

Basi lilipoingia darajani akasimama. Akashika chuma cha juu, akawageukia abiria, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu.

"Abiria wote shukeni. Magari yanaingia kwanza, watu kwa miguu. Shukeni, shukeni, tusicheleweshane."

Vijana hawakuelewa, lakini watu wazima wote ndani ya basi lile walielewa. Kivukoni ilikuwa lazima abiria washuke, waingie kwa miguu, na wengi waliwahi kushushwa na sauti hiyohiyo. Wakaangua kicheko. Mzee mmoja mbele akaitikia kwamba sawa kapteni, tunashuka, lakini maji ni marefu. Kicheko kikaongezeka. Baba Shija ni mtu wa utani, nikadhani ameutunza huu kwa miaka mitatu ausemee juu ya daraja.

Nimewaahidi yote. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa kanga.

Nilipoyafuta nikaona shati nililolipiga pasi limelowa mgongo mzima, na mkono ulioshika chuma unatetemeka. Naye hakuwa anacheka. Alikuwa anamkaripia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kwamba kwa nini hashuki, na jasho linamdondoka kidevuni. Yule mama akaogopa. Konda akaja akaniuliza, kwa sauti ambayo basi zima lilisikia, kama mzee amepiga kitu asubuhi yote hii. Niliona aibu. Nikamvuta Baba Shija kwa koti, nikamkalisha kwa nguvu, nikamwambia sikioni anyamaze, ananiaibisha.

Akanyamaza. Ziwa lilikuwa pande zote mbili, kushoto na kulia, na jua juu yake, na hakuna kati yetu aliyelitazama. Dakika chache tu, tukawa tumeshafika ng'ambo. Zamani ilikuwa nusu siku.

Baada ya Busisi

Bi Zarina alisimama kitini pake akainama katikati yetu. Aliniuliza kama mzee anachoma sindano. Nikasema ndiyo. Akauliza leo amechoma? Nikasema ndiyo, alfajiri. Akauliza amekula nini.

"Hajala bado. Tutakula Busisi."

"Busisi tumeshaipita, mama."

Nikatazama nje. Kweli, ilikuwa barabara tupu, mashamba ya mihogo na ng'ombe.

"Huyu hajalewa," akasema. "Sukari yake imeshuka."

Nikamjibu kwamba najua, ameniambia mwenyewe, tunamshukuru Mungu. Bi Zarina alinikodolea macho, nadhani alikuwa anapima kama nafanya mzaha. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Dada yangu, ya kupanda inamla mtu kwa miaka. Ya kushuka inamchukua kwa dakika. Mpe hii."

Alikuwa ameshafungua soda. Ana kijana wake anayechoma sindano tangu utotoni, yule mama hatoki nyumbani bila soda na asali kwenye mkoba. Baba Shija akaipokea kwa mikono miwili, chupa inagongana na meno, akapata funda moja, labda mawili.

Nikamnyang'anya.

Sitaki kulipamba hili. Miaka sita ya kulinda mlango ilinirukia mikononi. Niliona chupa ya soda mdomoni kwa mume wangu na nilichoona ni sumu. Nikasema kwa sauti kwamba wanataka kuniulia mume. Bi Zarina akaishika chupa upande wake, mimi upande wangu, soda ikamwagika kwenye gauni langu na kwenye sakafu ya basi. Abiria wakagawanyika. Wengi walikuwa upande wangu, na hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo. Jamaa mmoja mkulima alisema mama yuko sahihi, kijijini kwao mgonjwa wa sukari alikula "mkate wa sukali" akafa. Tulibishana kwa muda wa kuchemsha chai.

Tulipomaliza kubishana, Baba Shija alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, mate yanamtoka. Nilimwita kwa jina la mtoto, nikamwita kwa jina lake. Mkono ukarukaruka, kisha ukatulia. Nikachukua ile chupa niliyoipigania nikataka kummiminia kilichobaki, na safari hii Bi Zarina ndiye aliyeninyang'anya. Alisema sasa hivi hamezi, itaingia mapafuni. Wakamlaza ubavu kwenye njia ya katikati, juu ya kanga yangu. Kipimo cha sukari cha Baba Shija kilikuwa kwenye begi letu kubwa, begi liko kwenye buti, chini ya magunia ya watu. Dereva hakuuliza swali. Alikanyaga mafuta mpaka kituo cha afya cha kwanza, na konda yuleyule aliyesema mzee amelewa ndiye aliyembeba miguu.

Kituo cha afya

Wakamtoboa kidole. Kipimo kikasoma moja nukta nne. Mimi kwa ujinga wangu namba ndogo bado ilinifariji, mpaka nilipoona tabibu anakimbia.

Wakamwekea dripu ya glukosi. Basi likaondoka, mabegi yetu yameachwa barazani. Bi Zarina naye alishusha begi lake, akaketi karibu yangu kwenye benchi. Nilimwambia aende, atachelewa. Alisema Geita haihami. Nikawa nalikunja na kulikunjua gauni langu pale lilipolowa. Nilisali, lakini sikujua niombe nini. Nilishaomba ishuke na ikashuka.

Haikuchukua muda mrefu, ingawa mimi nilizeeka. Akafungua macho. Akazungusha shingo, akaniona.

"Nina njaa," akasema.

Nililia mpaka nesi akaniletea kiti. Bi Zarina akatoka, akarudi na chai ya maziwa na chapati mbili kutoka kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara. Baba Shija akashika kikombe, akanusa, akauliza kama ina sukari. Hakumuuliza nesi aliyesimama pale na dripu mkononi. Aliniuliza mimi. Nikamwambia kunywa.

Yule nesi alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, lakini alinifundisha kama darasa la pili na kunitaka nirudie. Nikarudia. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno ya kuchanganyikiwa, hasira zisizo na sababu: mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Vijiko vitatu kwenye maji, au nusu chupa ya soda, ila isiwe ile iliyotengenezwa bila sukari. Subiri robo saa, pima. Kama bado iko chini mpe tena, ikipanda ale chakula cha kushibisha. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mkimbize. Na asidunge kabla hajakiona chakula kwa macho yake.

Niliporudia la mwisho bila kukosea, akauliza kwa mshangao kama kliniki ya kwetu hawakutufundisha haya siku alipoanza sindano.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Baba Shija akajibu kutoka kitandani, chapati bado iko shavuni.

"Walinifundisha. Nilisahau kumwambia."

Nesi akamkemea kwa adabu, mzee usirudie, mkeo angejuaje. Akasema sawa mwanangu. Na mimi nikakubali akemewe. Nilikaa pale kwenye kiti changu nikakubali.

Walitubakiza mpaka Jumatatu, walitaka kuhakikisha haishuki tena. Jumapili saa ya misa Shija akapiga simu, akaiweka karibu na kwaya ili babu asikie. Tulisikia nyimbo, tukasikia mtoto akilia maji yalipomgusa. Alibebwa na babu wa upande wa pili. Baba Shija aliniuliza kama nilisikia padri akitaja jina. Nikasema nilisikia. Yeye alisema hakusikia vizuri, labda ni simu.

Bukoba

Bukoba sina mengi. Tulipokelewa kwa ndizi na kahawa na watu wenye moyo mzuri. Mtoto ana masikio ya Baba Shija, yaliyosimama, hakuna mtu atakayebisha. Babu alimbeba akiwa ameketi, kwa siku nne, kila alipoamka. Lakini picha ya ubatizo ipo ukutani sebuleni kwa Shija, kubwa, ina fremu, na mzee aliyembeba Masalu si Masalu.

Wakwe walipouliza kilichotuchelewesha nilisema uchovu wa safari. Ndipo uongo huo ulipozaliwa, kabla haujawafikia ninyi. Baba Shija aliusikia, akaendelea kumtikisa mtoto.

Siku ya kuondoka nilikwenda sokoni mwenyewe nikanunua pipi. Nilizijaza mifuko yote miwili ya koti, nikashona na kimfuko cha ndani, upande wa moyo, nikajaza na hicho. Nilimwonyesha. Akasema ahsante, akalivaa koti kwa uangalifu kama nguo ya kuazima.

Kurudi

Safari hii nilimfuata konda kabla ya kupanda. Nilimwambia mzee huyu anachoma insulini, akianza kutoa jasho au kusema ovyo hajalewa, mniite. Akasema sawa mama. Chakula niliweka miguuni, kipimo niliweka kwenye mkoba. Baba Shija alidunga sindano chai na sahani ya mayai vikiwa mbele yake, nimesimama nikiangalia.

Geita Bi Zarina alikuwa stendi anatusubiri, jua kali, soda mbili mkononi. Alizipitisha dirishani, akamwambia Baba Shija moja ni ya kunywa na nyingine ni ya mama kumwaga. Basi zima likatushangaa tulivyocheka. Ila wali alioununua Baba Shija pale Geita hakuumaliza, alisema tumbo limejaa. Niliuona ule uliobaki, na sikusema kitu, kwa sababu siku hizi najifunza kutosema.

Tulifika Busisi alasiri. Nikamgusa bega nikamwambia daraja hili hapa. Akasogea dirishani, akaweka mikono kifuani kama alivyosema ataweka. Ziwa lilikuwa tulivu. Upande mmoja chini kulionekana gati la zamani, alikokuwa anasimama na filimbi. Alitazama mpaka likapita.

"Siku ile tulipita hapahapa?"

"Hapahapa."

"Sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka stendi, halafu nakumbuka chapati." Akafikiri. "Nilisema kitu?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ningeweza kumpa kipande kisichouma, ninavyo vingi. Nikamwambia uliwaamuru abiria wote washuke, magari yaingie kwanza. Alicheka kicheko chake halisi, mabega yakitikisika. Akauliza kama walishuka. Nikasema hapana.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilicheka."

Alirudisha macho kwenye maji. Tulikuwa katikati kabisa, pale nguzo ni ndefu kuliko zote.

"Ilikuwa inachekesha," akasema.

Sikuweza kumtazama, nikatazama magoti yangu. Ndipo nikasikia karatasi. Aliingiza mkono kwenye kile kimfuko cha ndani nilichokishona, akatoa pipi moja, akaishika kwenye kiganja bila kuimenya. Nikainua uso. Paji lake la uso lilikuwa limeota jasho, matone madogomadogo, na kile kiganja kilikuwa kinatetemeka.

"Mama Shija," akasema, "nahisi imeshuka. Naweza kula moja?"

Nilimmenyea mbili nikamwekea mdomoni, nikafungua soda ya Bi Zarina nikamshikia chupa, nikaangalia saa ya basi ihesabu robo saa. Ilipanda, alikuwa mzima kabla hatujafika Usagara. Nyumbani yuko salama, mmemwona kanisani. Mkitaka kujua ilikuwaje, ilikuwa hivi: mtu anatoka jasho, anatetemeka, anajua kinachomtokea, dawa iko mkononi mwake mwenyewe, na bado alisubiri mimi niseme ndiyo.